Swali la Daipa Ni Langu

Swali la daipa ni langu. Naliandika hapa juu kabisa kabla sijaanza kujifanya mtu mwenye moyo mweupe. Nyinyi mnaofanya kazi sasa katika kliniki ya watoto pale Thika mnaliita swali la Gathoni, na hivyo ndivyo mnavyowafundisha wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi. Siku ya kuniaga, mmoja wenu alisimama mbele ya keki akasema, "Kama madam Gathoni alivyotufundisha, kwanza uliza daipa iko wapi." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, kwa hivyo nilipiga makofi kwa kidole kimoja pembeni mwa sahani.

Mmeniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Habari za vyeo hazitawasaidia na za mshahara zitawahuzunisha, basi nitaandika juu ya jambo moja tu nililolifukuzia muda wote huo: mtoto mdogo ambaye utumbo wake umejiingiza ndani ya utumbo. Na kwa kuwa siwezi kulieleza bila Gathoni, mtamkuta kila mahali, kama nilivyokuwa nikimkuta mimi.

Tulifika Thika siku moja, yeye na mimi, maafisa wa kliniki wawili wa chuo kimoja na darasa moja, makoti meupe yameshonwa na fundi mmoja. Tukapelekwa kliniki ya watoto kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Benchi la akina mama lilianzia mlangoni, likapinda kona, likaenda kuishia karibu na jikoni, na kelele zake zilikuwa zikisikika kabla hujafika getini. Aliyetupokea ni Mzee Mburu, afisa wa kliniki wa siku nyingi, mfupi, mwenye sweta ya kijivu aliyoivaa chini ya koti mwaka mzima. Somo lake la kwanza lilikuwa kikombe cha chai. Alimpa kila mmoja wetu chake, akatukataza kunywa.

"Shikeni kwanza," alisema. "Mtoto akiguswa na mkono baridi anakaza tumbo, na tumbo likikazwa hakuna kitu utaskia. Pasheni mikono."

Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Thika mwezi wa Julai asubuhi. Tukashika vikombe mpaka chai ikapoa, kisha tukainywa hivyo hivyo.

Nilikuja kugundua kwamba mikono ya Gathoni haikuhitaji chai. Mtoto aliyekuwa akinililia mimi mpaka ufizi wote ukaonekana, akipelekwa chumba cha pili kwa Gathoni, ananyamaza. Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na kupitia ukuta ule nilikuwa nikimsikia mtoto akilia, akilegea, akinyamaza. Nimesikia sauti nyingi mbaya hospitalini, lakini hakuna iliyonichoma kama ukimya ule wa upande wa pili. Nilijiambia ni bahati. Baadaye nikajiambia ni losheni anayopaka. Nikainunua losheni ile ile, na watoto wakaendelea kunililia huku nikinukia vizuri.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, maana miongoni mwenu wapo waliousoma tu kitabuni. Vua sweta kwa haraka uone mkono wake unavyojimeza kuelekea ndani. Utumbo wa mtoto unaweza kufanya hivyo. Kipande kimoja kinaingia ndani ya kile kinachofuata, na kila utumbo unaposukuma chakula, kinazidi kuvutwa ndani. Njia inaziba na damu inakosa kupita. Ukiwahi, utumbo unaweza kurudishwa kwa maji au hewa inayopitishwa njia ya haja, au daktari wa upasuaji akaurudisha kwa mkono. Ukichelewa, kipande kile kinakufa, na mtoto naye anaweza kufuata. Wengi wanaoupata hawajafikisha mwaka, ingawa nimeuona pia kwa mtoto anayekimbia na kujibizana na mama yake. Tena mara nyingi si yule mgonjwa wa kila siku. Ni mtoto mnene, mwenye mashavu, aliyekuwa akicheka jana. Labda alikuwa na mafua juzi, basi.

Wa kwanza niliyemwona alitoka Witeithie. Mama yake alikuwa akiuza mboga kando ya barabara, na mtoto alikuwa mvulana mzito kiasi kwamba mama alimweka mezani kwangu kama anayetua debe. Walikuwa wameshapitia kwa mtu mmoja mwenye duka la dawa na hadubini, ambaye alikuwa ameangalia choo na kusema ni amiba, vile vijidudu vya chakula na maji machafu.

Hapa kwetu kila tumbo ni amiba. Mzee akila nyama ya jana akaumwa, ni amiba. Msichana asiyetaka kwenda shule ana amiba. Na mtoto ambaye hajawahi kuonja kitu duniani isipokuwa titi la mama yake, akitoa damu kidogo na kamasi, naye ni amiba, anapewa dawa chungu ambayo anaitapika, na siku inapita. Siku hiyo inayopita ndiyo inayoua. Kama kuna neno moja la kubeba kutoka kwangu, ni hilo: mtoto wa titi mwenye damu kwenye choo na maumivu yanayokuja na kuondoka, sahau amiba kwanza.

"Analia halafu ananyamaza, daktari," mama alisema. "Akilia anakunja miguu hivi. Akinyamaza ni kama amechoka, hata titi hataki."

"Anatapika?"

"Mwanzo ilikuwa maziwa tu. Saa hizi ni kitu kijani."

Nilipapasa tumbo. Mtoto akapiga kelele, tumbo likawa gumu kama ubao, sikupata kitu. Mzee Mburu aliyekuwa akipita alisimama mlangoni, akatuangalia, kisha akamwita Gathoni. Hakuniita mimi kando kunieleza, alimwita Gathoni tu.

Gathoni alikuja akaketi kando ya mama. Hakumgusa mtoto. Alimwambia mama ampakate, amfunike na shali yake, na akaanza kuulizia bei ya sukuma wiki Witeithie. Wakaongea mambo ya sukuma. Mtoto akalia, akajikunja, akawa mweupe midomoni, halafu maumivu yakapita akalegea. Ndipo Gathoni akaingiza mkono chini ya shali, taratibu, huku bado akilalamikia bei. Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Mzee, kuja," alisema. "Hapa, chini ya mbavu za kulia. Ni ndefu."

Mzee Mburu akashika, akaitikia kwa kichwa. Kisha wakaniambia nishike na mimi. Nilipofikisha mkono, maumivu yalikuwa yamerudi, na nikakuta ubao ule ule.

"Umeiskia?" Gathoni aliniuliza.

"Mtoto analia sana," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mtoto alipelekwa Nairobi, akapasuliwa, akapona. Baada ya muda mama yake alirudi na sukuma wiki ya shukrani, gunia nusu. Alinikuta mimi mlangoni. "Samahani mami," aliniambia, "yule daktari yuko wapi?" Nikamwonyesha chumba cha pili. Sukuma ile tuligawana kliniki nzima, nikapika yangu, na sikusikia utamu wowote.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja. Nilitaka kuisikia ile ndefu, utumbo uliojimeza, kwa mkono wangu mwenyewe. Vitabu vinasema ina umbo la soseji, iko juu upande wa kulia, na chini yake, pale nyonga ya kulia, panakuwa patupu. Nilivisoma mpaka nikaviota. Binti yangu Wanja alipozaliwa nilikuwa nikimpapasa tumbo kila jioni akishashiba, nijue tumbo zima linavyokuwa, ili bovu likija lisinipite. Nililijua tumbo la Wanja kuliko ninavyoijua simu yangu. Lakini kazini, ama mtoto aliletwa kwangu akiwa amefura sana na kukaza, ama Gathoni alikuwa ameshampata kabla yangu. Wagonjwa wa aina hii si wa kila wiki. Kila mmoja aliyekwenda chumba cha pili nilimhesabu kama amenyang'anywa mkononi mwangu.

Basi nikaanza kuuliza maswali. Mtu asiye na mikono ya Gathoni atafanya nini? Na katika kuuliza ndipo nikagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu sote.

Mama wa huku kwetu hamleti mtoto hospitali akiwa mchafu. Hata mtoto akiwa anazimia, kwanza ataogeshwa, atapakwa mafuta mpaka paji la uso ling'ae, atavishwa ile sweta mpya aliyofumiwa na cucu, nyanya yake, na soksi juu. Ni heshima. Pia ni woga, maana sisi wa hospitali tulikuwa wakali kwa nepi chafu kuliko kwa ugonjwa, na sifa zetu zilifika vijijini. Kwa hivyo ushahidi wote tuliohitaji ulikuwa unabaki nyumbani. Zamani za nepi za kitambaa ulifuliwa ukaanikwa. Siku hizi za daipa unakunjwa na kutupwa. Mbele yangu alikuwa analetwa mtoto mkavu, anayenukia sabuni, na mama anayesema "ameharisha kidogo," kwa sababu hakuna mama anayependa kumwelezea mtu wa koti jeupe rangi ya choo.

Nikaanza kuuliza hivi: daipa uliyomtoa kabla hujamwogesha iko wapi?

Mara ya kwanza niliuliza familia moja ya Kihindi yenye duka la vyuma mjini. Mama alikuwa mdogo na mwoga, lakini aliyesimamia mambo ni nyanya wa mtoto, mama mzee aliyevaa sari na raba. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimepakwa hingi, ile dawa yao ya kutoa gesi, na harufu ilijaa chumba. Gathoni alikuwa ameshaingia pale kwangu, maana nyanya alikuwa amesikia sifa zake huko dukani.

"Daipa ya asubuhi iko wapi?" nikauliza.

Nyanya alinitazama kana kwamba nimemtusi. "Daktari, mimi nimeleta mtoto safi. Wewe unataka takataka?"

"Ndiyo, mama. Naomba takataka."

Baba wa mtoto aliona haya kwa niaba ya kila mtu, akapiga simu nyumbani. Daipa ikaja imefungwa kwa gazeti. Nilipoifungua kulikuwa na damu na kamasi vimechanganyika. Kitabu kinasema inafanana na jeli ya tunda fulani ambalo hakuna mtu wa Thika aliyewahi kuliona. Mimi nawaambia ni jamu nyekundu iliyokorogwa na kamasi, na ukiiona mara moja hutauliza tena. Niliinua kichwa ili niwaambie. Gathoni alikuwa ameketi na mkono chini ya blanketi ya mtoto, macho amefumba.

"Nimeipata," alisema.

Mtoto alipona. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, sanduku la ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, lilifika kliniki likiwa na jina la Gathoni. Alikuwa akilifungua mezani na kutugawia wote, na kila mwaka nilikula mbili, moja kwa njaa na moja kwa wivu.

Wiki ile ile aliniambia tukiwa tunanawa, "Mama Wanja, hilo swali la daipa ni kali. Nitalitumia."

Nikamwambia atumie. Mtu angesema nini, kwamba daipa ni zangu? Baadaye akapewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi, akawafundisha na swali, na wanafunzi wakaondoka nalo Kenya nzima wakiliita kwa jina la mwalimu wao. Sidhani kama aliwahi kusema ni lake. Hakusema pia kwamba si lake.

Hata hivyo, msije mkaning'inia kwenye daipa. Damu huchelewa. Ukiingoja, umechelewa pamoja nayo. Sikilizeni kilio kwanza: kinakuja, mtoto anakunja miguu na kupauka, kinaondoka, na katikati anatulia utulivu usio wake. Ulizeni kama matapishi yamebadilika kutoka maziwa kuwa kijani. Msimwangalie kwa dakika moja tu mkampa dawa, mpakatisheni mama, mngojee mzunguko mmoja mzima. Na mkishuku, msimpe chochote mdomoni, wekeni dripu, wekeni mrija wa puani, pigeni simu kwa wa upasuaji. Mambo mengine yatafuata.

Wapo pia wasiolia kabisa, na hapo nina kisa changu mwenyewe. Msichana mmoja aliyekuwa anasoma chuo Juja alimleta mtoto wake akiwa amelala begani. Gathoni alikuwa likizo, na sitaficha kwamba likizo zake nilizipenda.

"Niko tu na wasiwasi, daktari," msichana alisema. "Ametulia sana leo. Hasumbui. Beste yangu anasema nishukuru Mungu."

Mtoto alikuwa amelegea kama nguo. Kila mtu angewaza malaria, au homa ya uti wa mgongo, na vipimo hivyo niliagiza. Lakini nikauliza pia swali langu. Msichana akaona aibu, akasema alimbadilisha kwenye choo cha hosteli, na ilikuwa na "kitu kama jamu." Alilisema neno hilo mwenyewe, sikumfundisha. Nilipapasa tumbo kwa muda mrefu na sikusikia kitu. Lakini sikumwacha. Nilimpigia simu daktari wa upasuaji, akaniuliza umepapasa ukapata nini, nikamwambia sijapata kitu na mtoto anakuja kwako. Alikasirika. Alipomfungua, aliukuta.

Nilimngoja Gathoni arudi likizo kama mtoto anayengoja mgeni mwenye zawadi. Asubuhi ile nilimweleza kisa chote kabla hajavua kofia. Akafurahi, na hapo ndipo ubaya wa Gathoni ulipo, kwamba alikuwa anafurahi kwa kweli. Alinishika mabega, akasema, "Haiya, Mama Wanja! Na uliiskia?"

"Hapana," nikasema.

"Ah. Sawa. Ya muhimu ni mtoto."

Alirudi chumba cha pili. Baada ya muda mfupi nikasikia mtoto akinyamaza.

Mashine ya skani ilipokuja, nilidhani itatutoa kwenye mashindano. Sasa mnaweka jeli, mnapitisha, mnaona duara ndani ya duara kwenye kioo, mnasema "poa, ndiyo hiyo," na mnaenda kula chapati. Nawaonea wivu, nyinyi pia, nisiwadanganye. Hamtawahi kujua kukaa na kitu usichoweza kukiona wala kukigusa, na kulazimika kuamua. Lakini skani haifanyi kazi stima ikipotea, na mwenye kuiendesha hayupo kila siku, kwa hivyo kunyweni chai na mpashe mikono.

Gathoni alistaafu kabla yangu. Alifungua kliniki ndogo Ruiru, kwenye nyumba ya ghorofa juu ya duka la mapazia, na akina mama wakamfuata huko kutoka Thika. Mimi nilibaki nikimaliza yangu, na chumba cha pili akapewa kijana aliyewaliza watoto kama mimi. Nilimpenda sana kijana yule.

Sasa nifike kwa Wambui, mjukuu wangu. Wanja wangu alikua, akaolewa, akahamia Kahawa Wendani, ambako ana saluni ya wanafunzi. Mtoto wake wa kwanza ni msichana, na kwa desturi yetu jina lilienda kwa nyanya wa upande wa baba, mama mzuri sana asiyefanya kosa lolote. Mimi zamu yangu ni wa pili, akiwa msichana. Naam, na hilo pia huwa naliwaza. Lakini Wambui alikuwa na mashavu yangu, kila mtu alisema, na nilipostaafu nilijiambia huyu sitamgawana na mtu.

Alikuwa ameanza tu kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mchana mmoja nikiwa nyumbani Thika, nachambua maharagwe ya kuchemsha, simu ikalia. Ilikuwa Gathoni.

"Mama Wanja, uko wapi? Wambui yuko hapa kwangu."

"Yuko kwako anafanya nini?" nikauliza.

Nataka mjue kwamba wivu ulifika kwanza na woga ukaja nyuma yake. Hivyo ndivyo nilivyo.

"Kuja," alisema. "Na usiendeshe mwenyewe, tafuta mtu."

Jirani yangu akanichukua na gari lake. Mpaka Witeithie nilikuwa na hasira. Nilikuwa nikijiuliza ni binti gani ana mama aliyefanya kazi na watoto maisha yake yote, halafu anampeleka wake kwa mtu mwingine. Tulipofika Juja hasira iliisha nikabaki na lile neno "usiendeshe mwenyewe," na kuanzia hapo sikuona barabara.

Nilimkuta Wambui kwenye kitanda cha wagonjwa, ameogeshwa, amepakwa mafuta, amevaa sweta ya manjano niliyomfumia. Dripu ilikuwa mkononi. Mrija ulikuwa puani, na kilichotoka kilikuwa kijani. Juu ya meza palikuwa na daipa ndani ya beseni, imefunikwa kwa kitambaa. Msichana wa kazi wa Wanja alikuwa ameirudia Wendani kwa bodaboda. Gathoni alikuwa ameuliza swali langu, akapata jibu. Alikuwa ameshapiga simu hospitali kubwa Nairobi, na gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Nilitafuta kwa macho kitu kilichosahaulika, chochote, nikifanye. Hakikuwepo.

Wanja alikuwa amesimama dirishani amejikumbatia.

"Mbona hukunipigia mimi?" nikamuuliza. Sikutaka kuuliza wakati ule. Lilitoka lenyewe.

"Mum, tafadhali."

"Nauliza tu."

"Ungeanza kuniuliza maswali," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Alikuwa anajikunja, Mum, amekuwa mweupe. Sikutaka maswali. Nilitaka mtu amshike."

Nimepigwa na maneno ya wagonjwa, ya wakubwa, ya wafiwa. Hakuna aliyewahi kunipiga mahali pale.

Gathoni alijifanya hajasikia. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, na alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Mama Wanja, leta mkono."

"Wa nini? Umeshaipata."

"Leta tu."

Mikono yangu ilikuwa ya barafu. Aliishika yote miwili katikati ya yake, akaisugua, kama mtu anayempasha mtoto moto. Wambui alianza kulia. Miguu ikapanda tumboni, midomo ikapauka, na mimi nikavuta mkono, lakini Gathoni hakuuachilia.

"Ngoja," alisema. "Wacha ipite. Bado. Bado kidogo. Sasa. Usibonyeze, weka tu mkono hapo ulale, yeye ndiye atakuletea."

Kilio kikafifia, Wambui akalegea, jicho moja nusu wazi. Mkono wangu ulikuwa chini ya sweta ya manjano, upande wa kulia, chini ya mbavu, na mkono wa Gathoni juu ya wangu. Mwanzoni nilisikia tumbo tu, lile ninalolijua. Kisha ikaja chini ya vidole, ndefu, laini, imepinda kidogo, inateleza ukiifuata. Nikashusha vidole chini, pale nyonga, na palikuwa patupu kama kitabu kinavyosema.

"Umeiskia?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeiskia."

Nilikuwa nimeitamani toka usichana wangu. Nilikuwa nimewaonea watu wivu kwa ajili yake, nimekula ladu na sukuma kwa ajili yake. Nikiwa nimeishika hivyo, ningempa yeyote aliyekuwa mlangoni, aichukue na aende nayo, na jina langu lisitajwe popote.

Gari lilifika, tukaenda sote. Hospitalini walimrudishia utumbo kwa maji, wakifuata kwenye skani, na hawakuhitaji kisu. Daktari alisema ni kwa sababu aliwahishwa. Aliniambia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima karibu naye, na ikabidi niseme, kwa sauti inayosikika, kwamba aliyemwahisha si mimi.

Waliporuhusu tumwone, Wambui alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Mimi na Wanja tuliingia mbele. Gathoni alikuwa nyuma anapanda ngazi polepole, magoti yake si mazuri. Nilisugua viganja vyangu, nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikauacha ukae. Nikangoja. Juu kulikuwa laini, bila ile ndefu, na chini, nyonga ya kulia, palikuwa pamejaa vizuri, tumbo zima la mtoto anayepumua.

Wanja alikuwa akinitazama uso, si mkono. "Iko, Mum?"

"Haiko," nikamwambia. "Imeisha kabisa."

Alipumua kwa nguvu, akafuta macho kwa kiganja. Akaangalia mlango, kisha akaniangalia mimi.

"Sawa, Mum. Asante," alisema. "Lakini wacha tu tungojee Auntie Gathoni pia amshike."

Nikatoa mkono, nikavuta kiti changu mpaka kando ya kitanda, upande wa kulia, nikasimama nyuma ya kiti hicho ili Gathoni akifika apate pa kukaa.